Boti Nyeupe ya Louisville

Jumatatu, 7 Julai 2025

Tumefunga tena. Stan amekuja asubuhi na bango jipya, akalipigilia juu ya lile la zamani bila hata kuling'oa. MFEREJI UMEFUNGWA MPAKA IJUMAA. Pembeni bado linaonekana la zamani: mpaka Jumatano. Mtu akipita anaweza kuchagua siku anayoipenda!

Stan ndiye mkuu wangu hapa kwenye malango ya Harlow. Mzaliwa wa Cheektowaga, hapa jirani na Buffalo, babu zake walitoka Poland. Anakula soseji asubuhi na kulalamika mpaka jioni. Nampenda lakini. Ndiye aliyenichukua nilipochoka na kazi ya kuwatunza wazee. Sasa nakaa kwenye kibanda juu ya mfereji, nashika redio. Boti ikija naiingiza kwenye chumba cha maji, nafunga lango nyuma yake, maji yanapungua au yanajaa, nafungua lango la mbele. Inashuka au inapanda kama mtu ndani ya lifti. Basi, ndiyo kazi. Ila lango la chini, lile la kwenda ziwani, limeanza kulia. Si kukwaruza — kulia, kama kitu chenye roho. Ndiyo maana tumefunga.

Jioni Olivier ananiambia baba yake anakuja. Na boti! Anaivuta kwa trela kutoka Louisville kule Kentucky, atampitia mwanawe mwingine, Theogene, mjini Columbus, waje wote. Yuko na kundi zima la watu wa boti wa kule, wanataka kushuka mpaka ziwani. Nikamwuliza, umemwambia baba yako kwamba tumefunga? Akasema: nimemwambia tutaona.

Tutaona! Mume wangu huyu.

Hiyo boti Olivier na Theogene walimnunulia baba yao alipostaafu kiwandani. Wakapaka jina lake ubavuni, herufi nyekundu, kubwa kama milango. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Kwetu mke halitaji jina la baba mkwe — ilikuwa hivyo milimani kwetu, ikawa hivyo kambini, na Amerika haijabadilisha. Kumtaja ni kumvua nguo mbele za watu. Nikiwa naye namwita Baba. Nikiwa na wengine, Baba Olivier. Hata hapa, kwenye kitabu ambacho hakuna anayekisoma, kalamu inakataa.

Jumatano, 9 Julai

Wamefika. Trela zimepanga foleni kutoka gatini mpaka barabarani, namba za Kentucky tupu.

Kiongozi wao anaitwa Randy. Mwekundu kwa jua, kofia haivui, sauti ya mtu wa mnadani. Alinyoosha kidole kwenye bango akaniuliza mimi ni nani wa kumzuia. Nikamwambia mimi ni wa redio tu. Akasema alipiga simu ofisi ya mfereji mwezi wa tano, wakamhakikishia njia iko wazi majira yote. Na ni kweli walimwambia! Stan mwenyewe alikubali, huku akitazama viatu vyake.

Mwisho wakapewa nusu. Wanaweza kushusha boti kwenye maji ya katikati, yaani kati ya malango ya juu na malango ya chini. Wazunguke humo, wavue, walale humo wakitaka. Kwenda ziwani hapana. Ni kama kumkaribisha mgeni sebuleni halafu ukamfungia choo. Randy alisema sawa, atangoja mpaka Ijumaa. Baada ya Ijumaa hatangoja.

Sikuupenda huo mwisho wa maneno yake.

Alhamisi, 10 Julai

Baba amefika, na Theogene. Nilipika tangu mchana: ugali, maharage, nyama, maziwa ya mgando. Baba alikula vizuri, akafuta mdomo, akamshukuru Olivier. Olivier! Ambaye hajui hata chumvi inakaa wapi.

Baada ya kula akaanza. Haongei nami moja kwa moja, maneno yote yanapitia kwa mwanawe. "Bon, Olivier. Ninasikia ile mulango, ufunguo iko mu mukono ya bibi yako. Donc miye baba yako nitakaa inje sawa imbwa?"

Na mimi niko pale pale, nakusanya sahani!

Theogene akajaribu: "Papa, haiko yeye. Ni bazungu ya ofisi."

"Bazungu ya ofisi beko wapi? Mukono yenye ninaona ni ya bibi ya Olivier."

Olivier akasema tutaona. Mimi nilitaka kusema: Baba, lango ni bovu, litawaua watu. Maneno yalijaa mdomoni. Sikuyatoa. Mke hamrudishii mzee maneno mezani. Niliyasema jikoni, kwa sufuria.

Umwali, binti yetu, peke yake hamwogopi. Ana miaka tisa na anadhani babu yake ni mali yake. Akamkalia magotini akamwuliza kwa Kiingereza atampeleka lini kuona ziwa. Baba hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Akajibu: ndiyo.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepita gatini asubuhi, nikamkuta Baba ameshaamka, anaisugua boti kwa brashi ndefu. Ubavu huu, ubavu ule, huku akiiongelesha kwa sauti ya chini. Milimani alikuwa na ng'ombe, hapa ana boti. Simcheki. Kidogo tu.

Bado tumefunga. Nimeenda kumwambia Theogene, ili amwambie baba yake. Njia ndefu, lakini ndiyo njia.

Jumamosi, 12 Julai

Bango la tatu. Safari hii halina siku: MPAKA ITAKAPOTANGAZWA.

Walikuja wote mbele ya kibanda. Randy alianza kupiga honi, wengine wakafuata, honi za boti mchana kutwa mpaka vioo vikatetemeka. Nikafunga dirisha. Mtu akarusha kopo la bia, likagonga ukuta. Stan akatoka kuwajibu kwa matusi ambayo sikujua anayajua. Theogene alikuwa katikati yao, akanipungia mkono kwa aibu. Baba yeye hakupiga honi. Alisimama tu kwenye boti yake, mikono nyuma, akinitazama. Honi zile zote hazikunitisha kama yeye.

Jioni Stan akanipeleka kuona tuta. Maji ya katikati yamezuiwa na tuta la udongo, na chini ya tuta kuna nyumba, mtaa mzima, bembea za watoto na majiko ya kuchomea nyama. Nyasi za pale chini ni za kijani kuliko nyasi nyingine. Stan akakanyaga, buti likazama. Akachota yale maji kwa kiganja, akayainua juani. Safi, akasema. Yakiwa safi tunaweza kulala. Yakija na tope, ujue tuta linaliwa kwa ndani.

Nikamwuliza: Randy anajua? Akasema ofisi haitaki watu waogope.

Nikamwambia kwetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Akaomba nimtafsirie. Nikamtafsiria. Hakucheka.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani mchungaji akawaomba wageni wa Louisville na Columbus wasimame. Baba akasimama na suti yake ya kahawia, makofi, vigelegele. Ibada ilipoisha wanawake wakanizunguka. Ni kweli umemfungia baba mkwe wako maji?

Habari imetoka Iroquois, mtaa wao kule Louisville, ikafika huku Buffalo kabla sijanywa chai! Nikawaambia lango limeharibika. Wakasema, eee, lango. Kwa sauti ile.

Inaniuma. Sijamnyima yule mzee kitu hata siku moja. Nguo zake nafua, miguu yake ikivimba natafuta dawa. Sasa mimi ndiye mbaya kwa sababu ya chuma cha watu.

Jumanne, 15 Julai

Mtu amekata kufuli la kibanda cha chini usiku. Alijaribu kuzungusha gurudumu la lango bovu, akashindwa. Mungu mkubwa kwamba alishindwa! Stan anasema ni watu wa Randy. Randy anasema Stan amelikata mwenyewe ili apate sababu ya kuwafukuza. Polisi walikuja, wakatazama, wakaondoka. Sasa hawasalimiani. Randy ametangaza kwamba hatajibu redio yetu tena, akitaka kuongea ataongea.

Mchana amekuja mhandisi, dada mpole mwenye suruali iliyojaa mifuko. Ametembea juu ya tuta, chini ya tuta. Kisha akatuambia: siku maji yatakapotoka na tope, msisubiri ofisi. Mfungue lango la kumwagia saa ile ile, mpunguze maji ya mfereji kabla tuta halijakatika. Lakini kwanza boti zote zitoke kwenye kona lilipo lango hilo, kwa sababu likifunguka litavuta kila kitu.

Kona! Pale penye miti ya mierebi. Kuna kivuli na samaki, Baba na Theogene wametia nanga pale tangu Ijumaa.

Alipoondoka Stan akanikemea. Ameona ninavyoita kwenye redio. Sheria ni kila boti iitwe kwa jina, mara tatu, ijibu kwa jina. Kwa nini ile moja unaiita "boti nyeupe ya Louisville"? Haina jina? Jina si lile pale, nalisoma kutoka hapa! Nikamwambia nitajirekebisha. Ningemweleza nini? Kwamba mtu mzima, mwenye leseni ya kazi, anaogopa neno? Theogene huwa ananijibu nikiita hivyo. Ananielewa. Inatosha.

Jumatano, 16 Julai

Nimempigia mama mkwe, Louisville. Mama Nyirabeza ni mtu wa kucheka, nikaona nimwulize yeye. Nikasema, Mama, kama kazi inadai, mtu anaweza kutaja? Akacheka sana. Halafu akaacha kucheka.

"Mama Umwali, hata nyumba iwake moto, utasema, Baba Olivier, toka. Miye ya baba mukwe yangu sikutaja mpaka alikufa. Na kisha kufa, sikutaja."

Nikamwambia ndiyo, Mama. Nikamwuliza habari za presha yake.

Alhamisi, 17 Julai

Umwali anataka kulala kwenye boti na babu yake. Nimekataa. Olivier akasema Baba mwenyewe ameomba, atamwambiaje hapana? Lango tumemnyima, na mjukuu tumnyime? Nikamwambia, Olivier, kuna maji chini ya tuta. Akasema: si ulisema ni safi?

Nilisema. Ni safi. Leo nimeyatazama mara nyingi mpaka macho yakaniuma.

Nikakubali. Jaketi ya kuelea asiivue hata akilala, nimemwapisha yeye na Theogene. Amepanda ile boti anarukaruka. Baba akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu aje akaniangalia bila ukali. Alitikisa kichwa kidogo kunishukuru. Roho yangu ikatulia, nisiseme uongo. Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa.

Ijumaa, 18 Julai

Asubuhi safi. Mchana niliona kama yamebadilika kidogo, nikamwita Stan. Akasema ni kivuli cha wingu.

Umwali hataki kurudi. Amevua samaki, ananukia samaki, analala tena kule leo.

Hakuna honi. Hakuna makopo. Boti zimekaa tu, na watu wao wamekaa tu, wanatutazama. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekaa sakafuni kwenye kibanda. Stan ameninyang'anya redio, akasema keti kabla hujaanguka. Mikono haitulii. Nikishika kalamu inatulia kidogo, kwa hiyo nashika. Jicho moja hapa, jicho moja dirishani.

Asubuhi sijaweka hata mkoba chini, simu ya mhandisi. Mwenye nyumba mmoja chini ya tuta ameamka akakuta chumba chake cha chini kimejaa maji. Yana tope. Rangi ya chai ya maziwa, alisema. Fungueni lango la kumwagia. Sasa.

Stan akakimbilia gurudumu. Mimi redio. Boti zote zitoke kwenye kona, zije ukuta wa mashariki, zifungwe. Nikaanza kuita moja moja kwa jina. Wakajibu, mmoja na matusi yake, lakini wakajibu. Ya Randy inaitwa Lady Faye. Lady Faye, Lady Faye, Lady Faye — kimya. Nikasema huyu na hasira zake, nitamrudia. Nikafika kwenye yetu.

Kidole kiko kwenye kitufe. Herufi nyekundu leo sizioni kutoka hapa, boti imesogea ndani ya mierebi, lakini kichwani naziona. Nikasema: boti nyeupe ya Louisville. Boti nyeupe ya Louisville. Boti nyeupe ya Louisville, toka kwenye kona.

Ikajibu! Sauti ya mwanamume, Kiingereza, mikwaruzo mingi: boti nyeupe ya Louisville imesikia, tumeshatoka, tuko ukutani. Nikapumua. Nikasema moyoni, asante Theogene. Na Randy? Nikachungulia ukutani, nikaona kofia yake. Basi wote wametoka. Nikamwinulia Stan mkono. Akazungusha.

Alikuwa Randy. Aliyejibu ni Randy. Boti yake nayo ni nyeupe. Nayo ni ya Louisville. Nusu ya boti zao ni nyeupe na zote ni za Louisville! Alisikia naita mara tatu, kwa sauti ya kuogopa, akaona afadhali aache hasira ajibu. Alifanya vizuri. Yeye alifanya vizuri!

Halafu nikamwona Theogene. Si kwenye boti. Barabarani, anashuka kwenye gari, mfuko wa barafu begani. Nikafungua dirisha nikapiga kelele: nani yuko kwenye boti? Akanishangaa. Baba na Umwali, akasema. Nimebaacha balale.

Sikumbuki nilivyorudi kwenye redio. Nikasema, Baba. Nikasema, Baba Olivier. Nikasema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kinyamulenge, lugha yetu ya milimani, Baba, amka, maji yanavuta. Hakuna. Kwake ile redio ni kelele za wazungu, wala haisikilizi, huiacha iongee peke yake. Theogene ndiye huwa anaisikiliza. Baba, Baba, Baba — kwetu kila mwanamume mwenye mvi ni baba. Mtu aliyelala haamki kwa hilo.

Nikalitaja. Mutware! Mutware! Mutware! Kwa pumzi yote niliyopewa na Mungu. Kentucky nzima ilisikia, na Theogene alikuwa mlangoni hapa, akaziba mdomo kwa mkono kama yeye ndiye aliyetukanwa. Sasa nimeliandika pia. Liko hapo juu. Likae.

Akaamka. Nikaona mtu anasimama kati ya matawi. Akatazama huku. Kisha boti ikaanza kugeuka yenyewe, taratibu, mpaka pua ikaelekea langoni. Nikaona jaketi ya Umwali, ya rangi ya machungwa. Nanga ikashika. Kamba imenyooka mpaka inatetemeka, na maji yanapita chini ya boti yakiwa meupe.

Stan alirudisha gurudumu. Lilizunguka kidogo likagoma. Gogo limeingia kwenye lango, lango haliwezi kushuka. Theogene alishuka ngazi mbili mbili. Randy alikuja na watu wake, wakalishika gurudumu wote pamoja, watu waliokuwa wanarushiana makopo Jumamosi iliyopita, bega kwa bega wanasukuma na wanalia. Halisogei. Wengine walitaka kwenda na boti zao kumvuta, Stan akawazuia: mkikaribia mtavutwa nyote. Randy alikuja dirishani, kofia mkononi. Akasema nilidhani unaniita mimi. Nikamwambia ndiyo.

Olivier yuko kazini ghalani, simu zao hufungiwa kwenye makabati mpaka wapumzike. Zimamoto wameitwa. Nasikia king'ora lakini kiko mbali, upande wa uwanja wa ndege.

Stan amepanda huku. Amejaribu redio kwa Kiingereza: bwana, vaa jaketi, kaa chini, usiguse kamba. Mara tatu, kwa jina, kama sheria. Hakujibiwa. Theogene amerudi, amejaribu pia: Papa, Papa. Hakujibiwa. Anasema Baba ameizima. Anasema kwa kusikia jina lake likitoka kwangu, mbele ya batu bote, lazima ameizima. Hakunitazama aliposema.

Siombi msamaha. Naandika kwa hasira na kwa woga. Siombi. Ningelitaja saa ile ya kwanza, mwanangu angekuwa ukutani anakula chipsi. Mungu nisamehe kwa kuchelewa, siyo kwa kulitaja.

Redio! Si Kiingereza.

Stan amenisukumia.

Nilikaa tayari kufokewa. Theogene aliinamisha kichwa, tayari kuaibika kwa niaba yangu. Sauti ya Baba ilikuja chini, karibu sana, kama mtu aliyeweka mdomo juu ya chombo.

"Umutesi."

Tangu niolewe hajawahi kuliita. Mimi ni Mama Umwali, au ni bibi ya Olivier.

"Umutesi, niko nakusikia. Mutoto niko naye, hana kitu. Ile kamba iko inaanza kukatika. Niikate miye, niwashe moteur tukimbie? Ao niiache? Sema weye. Kile utasema, nitafanya."

Nikamtazama Stan. Akasema injini ile ndogo haitashinda maji haya. Halafu akasema labda itashinda. Akasema kamba huenda ikadumu mpaka zimamoto wafike. Huenda isidumu. Mhandisi ndiye anajua. Anampigia, na simu inaita tu.

Nikabonyeza. Nikasema: Baba, ngoja.

"Bon," akasema. "Ninangoja."

Namwona. Amekaa chini, Umwali yuko katikati ya magoti yake, mkono mmoja uko kwenye kamba. Haangalii maji wala lango. Ananitazama mimi, dirishani. Simu ya mhandisi bado inaita.